Spika Nne za Mzee Aminieli

Sogeeni karibu, na wewe uliyesimama mlangoni ingia, unatuletea upepo. Hadithi ya leo nitaisimulia mpaka mahali fulani, kisha nitanyamaza, na mwisho wake mtautafuta nyinyi. Msije mkasema sikuwaambia.

Palikuwa na mzee mmoja mjini Moshi, mtaa wa Pasua, jina lake Aminieli. Ujanani alipiga gita katika bendi iliyoitwa Vishindo. Si gita la kubembeleza maharusi, hapana. Vishindo walipiga roki nzito, ile ambayo nyuzi tatu zikigongwa pamoja, mtu wa safu ya nyuma anashika kifua chake kuhakikisha kama bado kipo. Wazee wa kanisa hawakuipenda. Vijana waliipenda, na binti mmoja aliyeitwa Eliapenda aliipenda kiasi cha kuolewa na mpiga gita.

Katika nyumba yao walikulia watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Ndeshi, binti mkubwa, mwalimu wa kwaya, alikuwa na masikio. Watu arobaini wakiimba pamoja, atamnyooshea kidole yule mmoja aliyeshusha sauti, na hakosei.

Nderingo, mdogo wake, seremala, alikuwa na mikono. Milango aliyoitengeneza unaifunga kwa kidole kimoja, na mvua ikinyesha haivimbi.

Tausi alikuwa na subira. Huyu hakuzaliwa humo. Baba yake, Shekigenda, ndiye aliyekuwa akipiga dramu katika Vishindo, akafariki Tausi akiwa na miaka sita, na mama yake alikuwa ameshatangulia. Mzee Aminieli akaenda Lushoto kuzika, akarudi na mtoto mgongoni. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akisema "huyu ni mtoto wa mwenzangu." Tausi akawa fundi redio. Kitu ambacho mafundi wengine wamekirudisha kwa mwenyewe pamoja na pole, yeye anakikalia wiki nzima mpaka kiseme.

Basi masikio ya mzee yakaanza kumwacha. Milio ya ndege ikaondoka kwanza, ikafuata sauti ya mkewe akimwita kutoka jikoni. Daktari wa masikio aliwaeleza watoto bila kuficha: sauti nyembamba zimekwisha, zile nene kabisa nazo zimefifia, zimebaki kidogo za katikati, na hizo zitaendelea kupungua. Labda mwaka, labda haufiki. Vile vifaa vya kuvaa sikioni vilimletea kelele tupu, akavifungia kabatini.

Mzee akanyamaza. Msidhani ni hasira. Mtu akishauliza "umesemaje?" mara tatu mbele ya wajukuu, mara ya nne hataki tena kuuliza. Gita lake la umeme alilitundika ukutani. Boksi lake la zamani la spika lilikuwa limeshaliwa na mchwa, ikabaki amplifaya peke yake, imefunikwa kitambaa. Siku moja mkewe alimshika mkono, akamwuliza karibu kabisa na sikio anatamani nini. Mzee akasema anatamani kulisikia gita lake mara moja tena, wakati bado kuna kusikia.

Watoto wakaambiwa, na wote watatu wakaacha kazi zao. Sasa sikieni kosa walilofanya, maana hata nyinyi mngelifanya. Walisema muziki mzito unataka spika nzito. Wakatafuta spika mbili za disko, pana kama sinia la pilau, zenye besi ya kung'oa bati, na juu yake vile vispika vidogo vya kupigia makelele. Nderingo akazifungia kwenye boksi haraka haraka. Mzee akaketi, akapiga. Vikombe vikacheza kabatini. Mbwa wa jirani akahama mtaa. Mzee akaweka kiganja juu ya boksi, akasubiri, akakitoa.

"Nyumba naisikia inatetemeka," akasema taratibu. "Gita silisikii."

Akalirudisha ukutani. Watoto walilia siku hiyo, kila mmoja mahali pake, watu wazima wenye familia zao.

Ndeshi ndiye aliyeinuka wa kwanza. Aliyarudia maneno ya daktari, kwamba za katikati bado zipo kidogo, akajiuliza gita zito linakaa wapi hasa. Si kwenye besi, huko ni kwa gita la besi na ngoma. Si kule juu, kule juu ni mlio wa nyuki ndani ya kopo. Gita zito linakaa katikati, na spika za disko zinachimba chini na kupiga kelele juu, halafu pale katikati zinaacha shimo. Baba yao alikuwa amesimama ndani ya shimo hilo.

Akapakia gita na amplifaya kwenye bajaji, akaanza kuwazungukia wauza vifaa chakavu, Moshi mpaka Arusha. Na kabla ya kujaribu spika yoyote, alijaza pamba masikioni, akafunga kitenge juu yake, akakaza, ili asikie kama baba yake anavyosikia. Fikirini, mwanamke mwenye masikio kama yale anajiziba kwa makusudi. Wauzaji walicheka, wengine wakamwonea huruma. Wiki tatu alizikataa spika zote alizopewa. Hatimaye, kwenye vitu vilivyotoka ukumbi wa dansi uliovunjwa, akapata nne za inchi kumi na mbili, za karatasi ngumu na sumaku nzito. Mbili zilikuwa na sauti nene, mbili zina ukali. Alizichagua pamoja, kwa kuwa nene peke yake inasinzia na kali peke yake inaumiza. Kwa pamba zile zile masikioni, akiwa ameinamia spika karibu kabisa, alilisikia gita. Aliketi chini pale pale sokoni akashukuru.

Lakini katika kila aina, moja tu ndiyo iliyokuwa nzima. Nyingine imechanika, nyingine imeungua. Na mbili peke yake, Ndeshi alijaribu, ukirudi nyuma hatua mbili huzisikii tena.

Nderingo naye alijua sasa kuwa boksi si kasha la kubebea spika. Spika ikiwa wazi, sauti ya mgongoni inazunguka na kuila ya mbele. Boksi la muziki mzito linataka kufungwa nyuma kabisa, lisiwe na ufa, na mbao zake zisilegee hata kidogo. Alikuwa na plaiwudi nene, nzuri, aliyoiweka miaka miwili kwa ajili ya kitanda cha ndoa yake. Hakumwambia mtu, akaikata. Hakutumia msumari hata mmoja, aliziunganisha pembe meno kwa meno na gundi, kila pembe siku yake.

Akawaza tena. Baba hapigi akiwa amesimama siku hizi, anaketi. Boksi la kawaida litampiga magotini, na magoti hayasikii kitu. Kwa hiyo akaja na futi kamba, akampima mzee akiwa kitini, kutoka sakafuni mpaka kifuani, mabega kwa mabega, akaandika. Mzee akamtazama. Mwanawe ni seremala, na mnajua maseremala hutengeneza nini kingine.

"Mwanangu," akasema, "mbona mapema?"

Nderingo alicheka mpaka akalazimika kutoka nje, na huko nje hakuwa anacheka tena. Boksi alilolitengeneza lilikuwa na uso ulioegemea nyuma kidogo, unamtazama mzee moja kwa moja kifuani.

Tausi alizichukua zile spika mbili zilizokufa. Mafundi wenzake walimwambia azitupe, zinapatikana nyingine. Ndeshi akasema hazipatikani. Iliyochanika aliiziba kwa karatasi nyembamba na gundi, tabaka juu ya tabaka, akiisubiri kila moja ikauke. Iliyoungua ndiyo iliyomtesa. Koili yake, ule msokoto wa waya unaoitikisa karatasi, ilitaka kusukwa upya kwa waya mwembamba kama unywele, kwa mkono, mzunguko mmoja baada ya mwingine bila kupandana. Ya kwanza ikaungua. Ya pili ikakwaruza. Ya tatu ikapona, siku ya kumi na moja, naye vidole vimevimba hata kikombe cha chai anashika kwa viganja.

Wakazifunga zote nne kwenye boksi, wakawasha. Sauti ikatoka hafifu, kama mtu anayezungumza ndani ya tangi la maji. Hapo ndugu wakaanza kutazamana vibaya. Ndeshi alisema boksi limekosewa, Nderingo akasema spika zimechaguliwa vibaya, na mambo mengine ya utotoni yakaanza kufukuliwa. Tausi akafungua boksi. Alichukua betri ya tochi, akaigusisha kwenye nyaya za kila spika, akaangalia karatasi inakwenda wapi. Tatu zilisukuma nje. Moja ilivuta ndani. Zile tatu zilipokuwa zinasukuma sauti kwa mzee, hiyo moja ilikuwa inairudisha. Akageuza nyaya mbili, akalehemu upya, akafunga.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Mzee aliletwa, hakutaka sana kuja, akaketi. Wakampa gita. Akagonga nyuzi tatu za chini kwa pamoja, mara moja tu.

Mkono wake ukabaki hewani. Watoto wakadhani wameshindwa tena, Nderingo akageukia ukutani. Mzee akagonga mara ya pili, akainamia mbele, akafumba macho.

"Hilo," akasema. "Hilo ndilo lenyewe."

Akapiga. Mama Eliapenda akatoka jikoni na unga mikononi, akasimama katikati ya sebule, na nawaambia ukweli, alicheza, mwanamke wa miaka sabini na moja. Mzee alipiga mpaka vidole vikamuuma, akacheka, akaanza kuongea. Aliongea kuliko alivyoongea miezi saba yote iliyopita. Alimtaja Shekigenda na jinsi alivyokuwa akivunja fimbo za dramu, na Tausi akajua mambo ya baba yake aliyokuwa hajawahi kuyasikia.

Kisha mzee akaliweka gita mapajani, akasema, "Gita hili nampa aliyenirudishia. Nalitoa mwenyewe, kwa mkono wangu. Na yeye ndiye atakayelipiga mbele yangu, nimsikie."

Furaha ikaingia mchanga. Maana wote watatu walilitaka, na msiwalaumu, gita lile ndilo lililowalaza wakiwa watoto.

Ndeshi alisema boksi na nyaya hata kwenye spika za disko vilikuwepo, na baba hakusikia kitu. Yeye ndiye aliyejua sauti iko wapi, akajifanya kiziwi wiki tatu ili aifuate.

Nderingo alisema spika nne sakafuni ni spika nne sakafuni. Yeye ndiye aliyezipa mwili, akakikata kitanda chake cha ndoa, akaielekeza sauti kifuani mwa baba na si magotini.

Tausi alisubiri mpaka mzee mwenyewe akamwita kwa ishara, akasogeza sikio. Tausi akasema karibu kabisa, asikike, "Baba, mbili kati ya nne zilikuwa zimekufa, na nyingine ilikuwa inakwenda kinyume. Mimi sikuchagua wala sikujenga. Niliketi nazo tu mpaka zikarudi, kama wewe ulivyoketi na mimi."

Mzee akamgeukia mkewe amsaidie. Mama Eliapenda akasema yeye amewanyonyesha wawili na kumbeba wa tatu, kwa hiyo asiulizwe, akarudi jikoni na unga wake. Majirani wakagawanyika. Wa upande huu wakasema masikio, wa upande ule wakasema mikono, na mafundi wote wa mtaa wakasema subira.

Nami hapa ndipo ninaponyamaza. Lakini nawaona mnavyojiandaa kunikwepa. Wewe unataka kusema wapokezane. Sawa, zamu ya kwanza ni ya nani? Wewe unataka kusema libaki ukutani, lisiwe la mtu. Basi mzee hatamsikia yeyote. Na wewe unayesema apewe Tausi kwa sababu ni yatima, angalia vizuri: mzee hakuuliza nani anastahili huruma, na yeye Tausi hakuomba huruma. Unayesema Nderingo kwa kuwa ni wa kiume, kanywe maji kwanza urudi.

Wiki iliyopita mzee aligonga zile nyuzi tatu, akawaomba waongeze sauti kidogo. Amplifaya ilikuwa imeshafika mwisho, hakuna aliyemwambia. Bado ameketi kitini pake, gita mapajani, anawatazama watoto wake watatu, anasubiri kumsikia mmoja.

Haya, uamuzi uko kwako. Ungelitia gita mikononi mwa nani? Fikiri vizuri, lakini usifikiri sana. Mzee bado anasikia.