Tangi la Bi Ngiri na Ngoma ya Tembo

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama mliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale palikuwa na bonde chini ya mlima wa moto. Ardhi ya bonde hilo haikujua kutulia. Mara kwa mara ilitetemeka, gudu-gudu-gudu, kisha ikanyamaza kana kwamba haikufanya kitu. Wanyama waliizoea. Shida yao ilikuwa maji. Kiangazi kikiingia, mto ulikauka kau.

Mwaka mmoja walijenga tangi la udongo kando ya mto. Ardhi ikatetemeka, tangi likalala upande, likapasuka pwaa, maji yote yakapotea. Wakatafuta wa kumlaumu. Wakampata Nyani, kwa kuwa alipenda kukaa juu ya mfuniko. Maskini Nyani, alisemwa mpaka mkia ukanywea.

Mwaka uliofuata kazi akapewa Bi Ngiri, bingwa wa kuchimba.

"Bi Ngiri," akasema Tembo, "likipasuka na hili, tunahama."

Bi Ngiri akawatazama wanawe na vijiguu vyao vifupi. Safari ya kuhama wasingeiweza.

"Tujenge palepale mtoni," akasema Twiga. "Udongo laini, maji karibu."

Bi Ngiri akakubali. Nani hapendi kazi rahisi?

Sasa, wanyama wale walikuwa na desturi yao: hawajengi mahali kabla ya kupachezea ngoma. Mwaka uliopita tu ndipo walipoiruka, kwa haraka. Basi ngoma ikalia. Pundamilia akapiga kwato, kata-kata, kata-kata. Tembo akaingia uwanjani, ndi, ndi, ndi. Mara mchanga ukaanza kutoa maji. Maji yakapanda, ardhi ikawa uji, Tembo akazama mpaka magotini, na bado anakata kiuno.

"Simamisheni ngoma," akasema Bi Ngiri.

"Mbona ndiyo kwanza inanoga?" akauliza Tembo.

"Bwana Tembo, hebu jitazame miguu. Wewe peke yako umeigeuza ardhi uji. Mlima ukitikisa, je? Lile tangi hakuliangusha Nyani. Lilizama upande mmoja."

Nyani akaangua kicheko, akapiga sarakasi. Wenzake wakamwomba radhi. Twiga aliinama mpaka chini, na kwa Twiga hiyo ni safari.

Wakamvuta Tembo, wakapanda mtelemko. Twiga akachagua mahali: nusu mwamba, nusu kifusi walichojaza wenyewe ili pawe sawa. Wakacheza. Upande wa mwamba ukatulia, upande wa kifusi ukadidimia.

"Hapa tangi litavunjika mgongo," akasema Bi Ngiri. "Twende juu zaidi."

"Na maji atayapandisha nani?" akanung'unika Tembo.

"Wewe, na mkonga wako huo."

Tembo akautazama mkonga wake. Akaukunja, akaongoza njia.

Huko juu Bi Ngiri akaondoa udongo wa juujuu, chaka-chaka, mpaka meno yake marefu yakagonga mwamba, ko. Wakacheza, wakacheza, likatoka vumbi tu. Hapo wakajenga msingi mpana, na juu yake tangi fupi, nene, lenye bomba la kunywea chini. Bi Ngiri akakataa lijazwe mpaka mdomoni, ili maji yapate pa kuyumbia.

Katikati ya kiangazi mlima ukanguruma. Gudu-gudu-gudu! Miti ikayumba. Twiga akaanguka chali. Bi Ngiri akawakusanya wanawe chini ya tumbo lake, akafumba macho. Ndani ya tangi maji yakasema chubwi, chubwi, chubwi. Kisha kimya.

Akafumbua macho. Tangi limesimama wima, hata ufa halina. Bi Ngiri akalia kwa furaha mbele ya wanyama wote, bila haya. Alipotaka kuwakumbatia wanawe, hakuwaona. Walikwisha kutoroka, wako kwenye bomba, wanakunywa.

Basi sikieni, wakubwa na wadogo. Anayeweka maji mengi kwenye ardhi inayotetemeka na aijaribu ardhi kwanza. Mchanga wenye maji auache, nusu kwa nusu aikatae, atafute ardhi ngumu hata kama ni mbali.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiu na aende akanywe.