Sauti Chini ya Zumari

Theluji ilikuwa bado imeikalia milima ya Rodopi mabegani siku Bibi Zlata aliposhuka kutoka kijijini kwake hadi mjini Smolyan. Mkono mmoja alishika fimbo, mkono wa pili kifurushi cha patatnik, mkate wa viazi wa huko milimani, kilichokuwa bado cha moto. Hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa chumba cha Nevena, akasimama katikati kama nguzo.

"Wewe ndiye unayesafisha zile kanda?" aliuliza.

"Ndimi, bibi. Karibu uketi."

"Nitaketi nikishasema. Wimbo wa saba mmeandika nimeimba peke yangu. Sikuimba peke yangu. Niliimba na mdogo wangu Stanka. Mimi juu, yeye chini. Alikufa majira ya kuchipua yaliyofuata, na hakuna mahali pengine duniani sauti yake ilipobaki. Sasa nyinyi mnataka kumzika mara ya pili?"

Nevena alikuwa fundi sauti wa nyumba ya utamaduni ya mji ule. Kwa miezi minne alikuwa akisafisha kanda kuukuu zilizorekodiwa vijijini karibu miaka sitini iliyopita, ili nyimbo zake zitolewe upya pamoja na kijitabu cha maelezo. Kijitabu kilitakiwa kufika kwa mpiga chapa baada ya wiki tatu. Alifungua faili, akaitazama karatasi ya wimbo wa saba. Maandishi ya aliyerekodi yalikuwa bado wazi: mwimbaji mmoja, mpiga gaida mmoja. Gaida ni zumari lenye mfuko wa ngozi ya mbuzi, na lile la milimani huko hunguruma kwa sauti nzito isiyokatika, mtu akalisikia mpaka mifupani.

"Bibi, karatasi inasema mmoja," alisema kwa upole.

"Karatasi haikuwapo," alijibu Bibi Zlata. "Mimi nilikuwapo."

Mwenyekiti wa kamati ya kijitabu, Mzee Metodi, alikuwa mtu mwadilifu lakini mgumu kama jiwe la kusagia. Nevena alipomweleza, alitikisa kichwa.

"Mama yule ana miaka themanini na mmoja. Kumbukumbu za umri huo ni chekeche, hazishiki maji. Namheshimu, lakini kijitabu hakiandikwi kwa heshima. Nisikilizishe sauti ya pili, nami nitaandika jina la pili. Bila sauti, hakuna jina."

Nevena hakuwa na cha kusikilizia. Vipokea sauti vyake vikubwa vya kazini vilikuwa vimekufa upande mmoja, na mafundi wa paa walikuwa wakikereza vyuma juu ya kichwa chake tangu asubuhi hadi jioni. Alihitaji vile vidogo vya kuingia ndani ya sikio, vizibe kelele za nje na viseme kweli. Ofisi ilimpa leva mia mbili na ishirini. Zilikuwa fedha za wastani: za kununulia kilicho bora kupita vyote hazitoshi, za kununulia takataka ni nyingi mno.

Alipanda basi hadi jiji la Plovdiv. Katika barabara ya waenda kwa miguu aliona duka la vipokea sauti lililowaka taa mchana kweupe, na mlangoni bango refu kuliko mtu. Muuzaji, kijana aliyenukia manukato na aliyeitwa Krasen, alimpokea kama shangazi aliyepotea miaka mingi.

"Dada yangu, usihangaike tena! Hivi hapa, vina dhahabu mpaka kwenye waya. Ukivaa, besi inakupiga mpaka kisiginoni! Bei yake leva mia nne, lakini kwa vile umeingia ukitabasamu, leo nakupa kwa mia mbili na kumi."

"Sijatabasamu."

"Basi utatabasamu sasa hivi."

Akamwekea wimbo aliouchagua mwenyewe. Ngoma zilimshukia Nevena kama maporomoko ya maji, kifua kikatetemeka, naye kweli akatabasamu. Akalipa. Kasha lake lilikuwa zuri kiasi kwamba ndani ya basi abiria wawili waliliulizia.

Nyumbani, aliucheza wimbo wa saba. Gaida ilinguruma kama radi iliyonaswa bondeni. Sauti ya Bibi Zlata ilisikika mbali, kana kwamba anaimba ng'ambo ya kilima. Nevena alirudia mara kumi, mara hamsini. Kwa siku tatu alitega sikio kama mwindaji, asinase kitu. Hatimaye alimwandikia Mzee Metodi kwamba anasikia mwimbaji mmoja tu. Kisha, kwa kuwa hakutaka habari ile imfikie bibi kupitia vinywa vya watu, alimpigia simu mwenyewe.

"Haya, mwanangu," Bibi Zlata alisema. "Umefanya uliloweza." Simu ikakatika. Nevena angependa zaidi kutukanwa.

Kesho yake, akiwa na uchungu ule bado moyoni, alivaa vipokea sauti vyake vya dhahabu asikilize kitu cha kumfariji. Alikuwa na rekodi ya binti yake Iva akisoma hadithi ya shule. Aliposikia neno la kwanza, alivitoa masikioni na kuvitazama. Sauti ile haikuwa ya Iva. Ilikuwa ya mama mnene mwenye mafua, anayezungumza akiwa ndani ya pipa. Akavaa tena, akasikiliza tena. Mama yule yule. Kama vitu hivi vinaweza kumdanganya kuhusu mtoto aliyemzaa mwenyewe, vitashindwaje kumdanganya kuhusu marehemu ambaye hakuwahi kumwona?

Tangu siku hiyo Nevena alianza kuwatazama masikioni watu wanaopata riziki kwa masikio yao. Kiongozi wa kwaya ya mji alikuwa na vitu viwili vyeusi, vidogo kama maharage, visivyo na nakshi wala maandishi. Fundi sauti wa ukumbi wa tamthilia alikuwa navyo vile vile. Nevena akamkamata mkono.

"Nani aliyekuuzia hivi?"

"Hakuna aliyeniuzia," fundi alijibu. "Mpiga klarineti wetu alikuwa navyo, nikaviazima kwake dakika tano, nikakataa kumrudishia mpaka aliponielekeza. Nenda Plovdiv kwa Mama Evdokia, nyuma ya duka la vifungo. Usitafute kibao. Hana."

Nevena alirudi Plovdiv. Kwanza alipitia lile duka la taa na kuweka kasha la dhahabu mezani arudishiwe fedha zake, kwa kuwa siku za kurudisha bidhaa zilikuwa bado hazijaisha.

"Tatizo nini tena, dada?" Krasen aliuliza, tabasamu limemkauka.

"Vina utamu mwingi mno."

"Siku hizi utamu umekuwa kosa?"

"Kwenye chai si kosa," alisema Nevena. "Kwenye ushahidi ni kosa."

Chumba cha Mama Evdokia hakikuwa kikubwa kuliko stoo ya unga. Hata hivyo, watu wanne walikuwa wamesimama wakingoja zamu, na hakuna aliyenung'unika. Mwenyewe, mama wa makamo aliyetumia ujana wake kupatanisha nyuzi za piano, alikuwa akitafuna mbegu za alizeti. Zamu ya Nevena ilipofika, alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akatandaza kitambaa na kuweka juu yake jozi tatu, zote za bei ambayo Nevena angeimudu.

"Nzuri zaidi ni ipi?" Nevena aliuliza.

"Masikio ni yangu au yako?"

"Yangu, mama. Lakini sifa zake—"

"Mimi sisifu. Ningekuwa hodari wa kusifu ningekuwa tajiri. Kwanza chagua vipira vinavyokaa sawa sikioni. Vikiacha hata upenyo wa sindano, umepoteza safari. Pili, jozi zote ziwe na ukubwa mmoja wa sauti, kwa sababu chenye makelele siku zote hulilaghai sikio. Tatu, usisikilize kitu unachokipenda. Sikiliza kitu unachokijua."

Nevena alimchagua Iva. Katika jozi ya kwanza, kila "s" ya mtoto ilichoma kama sindano. Katika jozi ya pili Iva alisomea puani. Alipovaa ya tatu, ile nyeusi kama maharage, mtoto alianza kusoma na Nevena akageuka haraka kuutazama mlango. Alidhani Iva ameingia. Wale waliokuwa wakingoja wakacheka, lakini kwa wema, kwa kuwa kila mmoja wao aliwahi kugeuka vile.

Hapo ndipo alipoweka wimbo wa saba. Mwanzo alihisi amepungukiwa. Ile radi haikuwapo.

"Mbona kama havina kitu?" alinong'ona.

"Havina," alisema Mama Evdokia. "Havina kitu chao vyenyewe. Fumba macho, usikilize vya walioimba."

Nevena akafumba macho. Na kile chumba cha mwaka ule wa mbali, ambacho watu wake wengi sasa walikuwa wameshakufa, kikafunguka ndani ya kichwa chake taratibu. Alisikia kuni zikipasuka jikoni. Alisikia ngozi ya mbuzi ikilia kidogo chini ya kwapa la mpiga gaida, na kiatu chake kikigonga ubao. Mtu alikohoa, akajizuia. Kisha Zlata wa miaka ishirini na mbili akapaza sauti, safi kama maji ya chemchemi, karibu sana hata Nevena akarudisha kichwa nyuma. Gaida ilikuwa imekaa mahali pake, nzito lakini yenye adabu, haikumziba mtu.

Zlata akafika mwisho wa mstari, akanyamaza avute pumzi. Wimbo haukukatika.

Chini kabisa, imelala ubavuni mwa mngurumo wa gaida kama kondoo mweusi alalavyo kivulini, ilikuwapo sauti nyingine. Mngurumo wa gaida husimama juu ya noti moja bila kutikisika. Sauti hii ilitembea. Ilishuka hatua, ikatetemeka, ikapanda. Zlata aliporudi, yenyewe ndipo ikapumzika, ikavuta pumzi yake ndogo ya haraka, pumzi ya msichana, na kuendelea. Miaka sitini sauti ile ilikuwa imekaa pale inaimba, na hakuna aliyeisikia. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, asiyafute.

"Umesikia nini?" aliuliza mmoja wa waliongoja.

Nevena alitafuta neno, akapata moja tu. "Mtu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Evdokia aliziweka kando mbegu zake za alizeti.

Siku iliyofuata Nevena alimketisha Mzee Metodi kitini na kumvalisha vile vitu vyeusi alivyonunua. Mzee alikunja uso, akakunja mikono. Wimbo ulipofika dakika ya pili, mikono ilikunjuka. Kisha akavua kofia yake polepole, kama mtu aliyegundua kwamba amesimama kanisani. Aliusikiliza hadi mwisho, akaomba aurudie. Ndipo akachukua kalamu, akayakata kwa mistari miwili maneno "mwimbaji mmoja" katika ile karatasi ya zamani.

"Andika majina mawili," alisema. "Na kesho mimi mwenyewe nitapanda kumwomba radhi yule mama."

Walipanda wote wawili. Bibi Zlata aliwapokea, akamsikiliza Mzee Metodi akiomba radhi, akamkubalia kwa kichwa kama malkia. Nevena alipiga magoti mbele ya kiti chake, akavichagua vipira vidogo kuliko vyote, akaviingiza kwa uangalifu katika masikio yale yaliyokunjamana.

Bibi alikaa wima. Macho yake yalitazama dirishani, lakini hayakuwa yakitazama theluji. Zlata wa ndani ya kanda aliponyamaza avute pumzi, hapo kidole cha bibi kikainuka chenyewe na kuonyesha chini, mahali ilipopita ile sauti. Midomo yake ikacheza. Hakulia. Alicheka, kicheko kidogo cha dada mkubwa.

"Stanka," alisema, "umechelewa kuingia. Kama kawaida yako."

Mzee Metodi aligeukia ukutani akajifanya anatafuta leso. Bibi Zlata akamshika Nevena shavu.

"Vitu hivi, mwanangu, mlivitangaziwa redioni?"

"La, bibi. Havitangazwi popote."

"Nilijua," alisema bibi, naye akafumba macho ausikilize tena.

Miezi haikupita mingi, kila mfanyakazi wa sauti katika milima ile alikuwa amefika nyuma ya duka la vifungo, ingawa Mama Evdokia hajaweka kibao hadi leo. Na lile duka la taa limeongeza bango la pili, refu kuliko la kwanza, maana chema chajiuza, kibaya chajitembeza.