Mitungi Mibichi ya Bi Mwatabu

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa na majiko na vibaraza na jirani wa kuombana chumvi, alikuwapo pelele mmoja fundi wa kufinyanga. Jina lake Bi Mwatabu. Pelele mnamjua? Kanyama kadogo, kanene, kama sungura aliyenyimwa masikio, na makao yake ni kwenye majabali.

Basi pelele hapendi mvua hata kidogo. Masika yakianza, hatoki nje. Ndiyo maana Bi Mwatabu na mdogo wake, Zamda, walitengeneza achari ya maembe mapema, wakaitia mitungini, wakafunika kwa jani la mgomba na kuziba mdomo kwa nta ya nyuki. Mtungi ukizibwa vizuri, achari hukaa miezi. Hicho ndicho kilichokuwa chakula cha pelele wote wa jabali lile mpaka jua lirudi.

Taabu yao ilikuwa Chui. Mwaka uliopita alivuka mto akaja kuchukua mitungi yote. Masika hayo wazee wawili walikufa kwa njaa, na mmoja wao alikuwa mama yake Bi Mwatabu.

Mwaka huu dada hao walikuwa wamegundua ufa mwembamba juu kabisa ya jabali, ambao Chui asingeweza kupenyeza hata bega. Walikuwa na mitungi sita iliyochomwa, imejaa, imezibwa. Walihitaji siku mbili tu za kuipandisha.

Asubuhi hiyo, kishindo! Puku, puku, puku! Ngiri, mpagazi wa Chui, akatokeza na mzega wake, ule mti wa kubebea mizigo, begani.

"Hodi! Bwana Chui yuko njiani. Anataka mitungi sita. Jua likifika utosini, iwe tayari."

Akajibwaga chini ya kivuli upande wa pili wa jabali, akaanza kukoroma.

Zamda akamgeukia mkubwa wake. "Dada, tumpe tu aondoke."

"Tukimpa, tutakula nini?"

"Na tusipompa, atatula sisi!"

Bi Mwatabu alitazama juu. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yamejikusanya, meusi ti! Kisha akatazama uani, ambako mitungi mingine sita ilikuwa imeanikwa. Hiyo alikuwa ameifinyanga juzi. Imekauka, lakini bado mbichi. Haijaonja moto.

"Zamda, lete ngeu. Lete mafuta. Lete nta yote iliyobaki. Upesi!"

Wakaipaka mitungi mibichi ngeu, ule udongo mwekundu wa rangi, wakaisugua kwa kokoto, swa, swa, swa, mpaka ikang'aa kama iliyotoka tanurini. Ndani wakajaza mchanga mkavu hadi mabegani. Juu ya mchanga wakalaza jani la mgomba, na juu ya jani, achari kidogo. Wakaziba midomo kwa nta.

"Lakini dada, ikinyeshewa itayeyuka!"

"Ndivyo ninavyotaka. Ila isinyeshewe hapa uani kwetu. Mvua ikitangulia kabla hajavuka mto, tumekwisha."

Ngurumo ikasikika mbali. Grrrm.

Bi Mwatabu akaipanga mitungi mizuri ya kweli hapohapo mlangoni, peupe. Ile mibichi akaificha nyuma ya nyumba, akaifunika majani makavu. Aliacha shingo moja ichungulie.

Mara, kimya. Ndege wakanyamaza. Chui alikuwa amesimama uani, mkia ukicheza huku na huku.

"Mitungi yangu iko wapi, kibibi?"

"Karibu, bwana mkubwa! Hii hapa mlangoni. Chukua yote sita. Tumekuwekea tangu juzi."

Akasema kwa bashasha. Lakini Chui angesema "haya" tu, chakula chote kingekuwa kimekwenda.

Chui akamkodolea macho. "Mwaka jana ulilia. Mwaka huu unanikaribisha?"

"Machozi yalinisaidia nini, bwana?"

Chui akazunguka uani. Akanusa. Akafika nyuma ya nyumba, akaona shingo nyekundu kwenye majani. Akayapangua kwa mkono mmoja, fyaa!

"Ahaa! Na hii?"

"Si hiyo!" Bi Mwatabu akapiga ukelele, akaikumbatia mitungi. "Hiyo ya wagonjwa wetu, bwana! Ina asali na embe boribo! Chukua ile ya mlangoni, nakusihi!"

"Ngiri! Amka, leta mzega!"

Ngiri akaja akipiga miayo. Yeye huchimba udongo kila siku kwa pembe zake, na udongo anaujua. Akagonga mtungi mmoja kwa ukwato. Pu! Akaenda mlangoni akagonga mwingine. Ngiii!

"Bwana, hii ya nyuma hailii. Ile ya mlangoni inalia vizuri. Hapa pana jambo."

Zamda akafumba macho.  Tone moja la mvua likaanguka juu ya pua ya Bi Mwatabu. To!

"Mwambie, bwana," akasema, huku akijifuta pua kama anayelia. "Mwambie ukweli mpagazi wako. Kitu kitupu ndicho kinacholia! Ile ya mlangoni sikuijaza, nilitaka kukupunja. Sasa nimeumbuka."

Chui akacheka mpaka meno yote yakaonekana. Akang'oa nta ya mtungi mmoja mbichi, akachovya ukucha, akalamba.

 Akalamba tena.

"Mbona kuna kama chembe za udongo?"

"Ni bizari, bwana. Tuliitwanga kwa haraka."

"Tamu!" Chui akanguruma. "Pakia, Ngiri, mvua inakuja! Na wewe kibibi, kaa na mitungi yako mitupu."

Ngiri akaning'iniza mitungi kwenye nyavu za mzega, mitatu huku, mitatu huku. Akainuka akigumia. "Mizito kama mawe!" Wakashuka mbio kuelekea mtoni.

Dada wawili wakasimama wakihesabu matone. To. To, to. Chui akaingia majini, Ngiri nyuma yake, mzega juu. Maji yalimfika Ngiri magotini. Akateleza! Mtungi mmoja ukachovya kitako mtoni, ukatoka unachuruzika tope jekundu. Ngiri akageuka kuutazama, akafungua kinywa.

"Tembea, mvivu!" Chui akafoka kutoka ng'ambo. "Sitaki kusikia neno!"

Ngiri akafunga kinywa, akatembea.

Mguu wake wa mwisho ulipokanyaga ukingo, mbingu zikapasuka. Pwaaa! Ikanyesha mvua ya kupofusha macho. Mitungi ikalegea, ikainama, ikamwagika, chubwi! Chubwi! Pale chini pakabaki rundo la mchanga na tope, na vipande vichache vya embe vikielea.

"Ngiri! Achari yangu iko wapi?"

"Nilitaka kukwambia, bwana. Ile mitungi ilikuwa mibichi."

Ngurumo aliyoitoa Chui hapo ilisikika mpaka juu ya jabali. Akajitupa kurudi, lakini mto ulikuwa umeshafurika maji ya milimani, umebeba magogo mazima, gharika ya kumeza tembo. Alikwenda juu, akaja chini, akapiga mkia ardhini. Njia hakuna.

Siku mbili Bi Mwatabu na Zamda walinyeshewa, wao wasiopenda mvua, wakivingirisha mitungi sita ya kweli kuipandisha ufani. Siku ya tatu majirani wote walikusanyika humo. Bi Mwatabu akabandua nta ya mtungi wa kwanza, harufu ya embe na pilipili ikajaa ufa mzima. Akawapa wazee kwanza. Mwaka huo, wanangu, hakufa mtu.

Basi shikeni hili: mwenye nguvu anayedharau kazi ya mikono ya mnyonge ataponzwa na kazi hiyohiyo.