Mwiko wa Kigezo

"Mwiko wa kigezo hupakulia kila nyumba." Ndivyo alivyosema Mama Namweta asubuhi hii hapa maktaba alipomwona mmoja wenu, niliyempa ruhusa jana tu, akifungua kigezo cha Ukoo bila kuuliza. Mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka kwa wahenga. Wahenga hawakuwa na tovuti, wakapumzika. Methali hii ina miaka sita tu, na ilianza nikiwa nimeketi pale pale ilipozaliwa. Mpaka leo inaniudhi.

Mnaijua tovuti yetu ya koo za tarafa: koo arobaini na sita, kurasa arobaini na sita. Juu ya kila ukurasa pana kisanduku chenye jina la ukoo, ulikotokea, kazi yake ya jadi, na mwiko wake. Kisanduku hicho sikukiandika mara arobaini na sita, maana mimi si mwendawazimu. Nilikiandika mara moja, mahali pamoja, na ndicho tunachokiita kigezo. Kila ukurasa unakiita kwa jina na kukipa habari zake, nacho kinazipanga. Ndani ya kigezo, palipo na neno mwiko, pana mabano yaliyopinda, matatu huku na matatu kule. Mabano yale ni sahani tupu. Kila ukoo unaleta chakula chake.

Juu kabisa niliweka onyo kwa maandishi mekundu: Usiguse hapa. Jaza kwenye ukurasa wa ukoo wako. Sijui Kiswahili chepesi kuliko hicho.

Basi alikuwepo Mzee Elinihaki wa ukoo wa Wakwamboza, ambaye tunamwita Bwana Shamba ingawa alistaafu siku nyingi. Ndiye baba yake Mama Namweta. Ni mtu wa bidii, na bidii isiyouliza ndiyo iliyonizeesha mimi. Wakwamboza walikuwa na mwiko wao: hawaoani na Wakwalugo wala hawali kwao, tangu babu zao walipogombania zamu ya maji ya mfereji. Siku moja Bwana Shamba alifungua ukurasa wa ukoo wake, akakuta penye mwiko hapana neno. Badala ya kujaza hapo hapo, akabofya jina la kigezo, akaingia ndani, akayakuta mabano yangu. Baadaye aliniambia aliyaona kama magugu. Akayang'oa, akaandika: "Hawaoani na Wakwalugo, wala hawali kwao." Akahifadhi. Akarudi kuutazama ukurasa wa Wakwamboza, ukampendeza. Ukurasa mwingine hakufungua hata mmoja. Nilipomwuliza kwa nini, alisema koo za watu hazimhusu.

Na onyo je? Alidhani ni la vijana.

Nami nina langu, sitalificha. Kigezo kile kilitakiwa kufungwa, mtu asikibadilishe bila ruhusa. Nilikuwa nikisema nitakifunga wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo ilikwisha kuja na kupita mara kumi na kadhaa.

Siku tatu baadaye ilikuwa Jumamosi ya posa ya Namweta, mjukuu wa Bwana Shamba. Mchumba wake alikuwa Mbonea, kijana wa Wakwalugo. Msishangae. Namweta ni wa ukoo wa baba yake, Wanamvuma, ambao hawajawahi kugombana na Wakwalugo hata kwa kuku, kwa hiyo mwiko wa babu mzaa mama haukumgusa. Babu mwenyewe, baada ya kunung'unika mwezi mzima, alikubali kuketi na wageni, mradi asile nao sahani moja.

Tulianza kungoja nyumbani kwao Namweta saa nne. Ilipofika saa nane ndizi zilikuwa zimepoa na wazee wamemaliza habari zote za mvua. Namweta alikuwa chumbani na kitenge chake kipya. Alikwisha kumpigia Mbonea simu mara nne, haikupokelewa. Hatimaye akaja mshenga, Mzee Kadeghe, peke yake, kofia mkononi. Alikaribishwa kiti, hakuketi.

"Wazee wamenituma," alisema. "Posa haiji. Wamesoma kwenye tovuti kwamba Wanamvuma hawaoani na Wakwalugo, wala hawali kwao."

"Nani kaandika hayo?" Aliyepaza sauti alikuwa Bwana Shamba. "Mtu anaharibu ndoa ya mjukuu wangu kwa uongo, nanyi mmekaa? Mwalimu, tovuti ni yako. Mtaje huyo mtu."

"Wala si Wanamvuma peke yao," Mzee Kadeghe aliendelea. "Wamefungua ukurasa mmoja mmoja. Tarafa nzima imewakataa. Hata ukurasa wao wenyewe unasema Wakwalugo hawali kwa Wakwalugo."

Hapo nikajua. Kosa moja likitokea kila mahali kwa maneno yale yale, usitafute kwenye kurasa. Kigezo nacho kina historia yake, inayoonyesha nani kabadilisha nini, siku gani, saa ngapi. Niliifungua kwenye simu nikiomba liwe jina jingine.

"Elinihaki," nikasoma. "Jumatano, saa tano asubuhi."

"Mimi niliandika ukoo wangu," alisema.

"Uliandika kigezo, mzee."

"Kuna tofauti gani?"

Nimefundisha miaka thelathini na minne, lakini siku ile mwalimu hakuwa mimi. Aliyejibu ni Mama Namweta. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, tangu asubuhi akingoja kupakua. Akautazama mwiko, akamtazama baba yake.

"Tofauti ni hii, baba. Ukitia pilipili kwenye sahani yako, unawashwa wewe. Wewe umeipaka kwenye mwiko. Mwiko wa kigezo hupakulia kila nyumba."

Hakuna aliyecheka. Namweta alikuwa akilia chumbani, na sote tulimsikia.

Kukirejesha kigezo hakukuchukua hata dakika moja, na nikakifunga hapo hapo nimesimama, Mzee Kadeghe akinitazama vidole. Lakini wazee wa Wakwalugo hawakuwa ukurasa wa kurejeshwa kwa kubofya. Walileta jibu jioni ile: wameona marekebisho, wameshukuru, ila aliyeandika aje mwenyewe ale kwao, mbele ya watu.

Kwa Bwana Shamba hilo lilikuwa zito. Mwiko wa Wakwamboza ulikuwa wa kweli, na alikuwa ameushika tangu utoto. Siku mbili alishinda kibarazani. Namweta hakumbembeleza. Alimletea maji ya kunawa kama kawaida yake, akayaweka chini, akaondoka bila kumwita babu. Siku ya tatu mzee alivaa koti lake, akaniomba nimsindikize.

Kwao Mbonea tulikuta watu wamejaa ukumbini. Mama yake Mbonea alileta sufuria, akainua mwiko, kisha mkono ukasita.

"Nikupakulie, mzee?"

"Pakua, mama," akasema Bwana Shamba. "Mimi nimekwisha kuwapakulia ninyi nyote, wala sikuwauliza."

Akala. Akaongezwa, akala tena. Posa ilikuja Jumamosi iliyofuata, na watoto wawili wa Namweta mnawaona hapa maktaba wakinivurugia vitabu.

Ukitaka, fungua sasa ukurasa wa Wakwamboza. Mzee aliujaza mwenyewe, safari hii mahali pake, baada ya kuniuliza mara mbili. Penye mwiko pameandikwa: "Hawagusi kigezo."

Nawe uliyekifungua asubuhi, kabla hujahifadhi chochote, niambie umetazama kurasa ngapi. Mmoja tu, wa kwenu? Ondoa mkono hapo, mwanangu. Mwiko wa kigezo hupakulia kila nyumba.