Kwa Nini Mto Ndighiri Hupita Chini ya Mawe

Wakati Mlima Mworoto ulipokuwa umevaa msitu kutoka kileleni hadi magotini, Mto Ndighiri haukujificha. Ulizaliwa kwenye chemchemi katikati ya miti mikubwa, ukashuka ukipiga kelele mbele ya milango ya watu. Mwanamke aliyepungukiwa maji chungu kikiwa jikoni alitoka tu na kibuyu, akachota, akarudi kabla ugali haujaungua. Anayecheka na acheke, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mlinzi wa msitu huo aliitwa Wawuda. Kazi aliirithi kwa mama yake, na mama yake aliirithi kwa bibi. Hakuwa na mkuki wala upanga. Aliishi peke yake kibandani karibu na chemchemi, na neno lake lilitosha: shoka haliingii. Kuni zilizoanguka zenyewe ziliokotwa, asali ikarinwa, dawa zikachimbwa kwa ruhusa, basi.

Ukaja mwaka wa njaa. Mashamba ya chini yakakauka hadi udongo ukapasuka. Siku moja Maghanga, kaka yake Wawuda na mkubwa wa ukoo, alipanda mlima pamoja na mkewe. Mkewe alikuwa amebeba mtoto mgongoni, mwepesi kama ganda la kunde.

"Dada," Maghanga alisema, "sikuombi msitu. Nakuomba ukingo wake tu, nipande mahindi. Huyu ni damu yako."

Wawuda alimtazama mtoto. Alijua mama yake angejibu nini. Lakini mama yake alikuwa kaburini, na mtoto alikuwa pale, ananyonya kidole kisicho na kitu.

"Ukingo tu," akasema. "Usivuke mti ule wenye mzinga."

Mahindi yakastawi ajabu, maana udongo ule ulikuwa haujaguswa na jembe tangu dunia iumbwe. Mtoto akanawiri. Balaa likaanzia hapo hapo, kwa kuwa majirani walioyaona mahindi ya Maghanga hawakukubali tena kuambiwa hapana. Kama kaka amepewa, mbona shemeji anyimwe? Msimu wa pili mti wenye mzinga ulikuwa umeshalala chini. Msimu wa tatu Wawuda alisimama mbele ya mashoka, mikono ameitanua, akawaambia kwamba mlima usio na mizizi ni rundo la udongo tu.

Wakamwita mchoyo. Kisha mmoja akasema kwamba ni yeye aliyeifunga mvua ule mwaka wa njaa, ili watu waje kumpigia magoti. Maneno hayo yakapita mdomo kwa mdomo mpaka yakawa shtaka, na wazee wakaketi barazani. Wawuda hakujitetea sana. Alimkazia macho kaka yake, akingoja aseme neno moja tu.

Maghanga aliitazama miguu yake. Halafu akasema, "Mlima ni wa ukoo. Mwanamke asiye na mume hawezi kuukalia."

Siku ile ile Wawuda alikunja mkeka wake akateremka nyikani, kwa wafugaji asiowajua. Walimpa maziwa kabla ya kumuuliza jina. Alikunywa huku analia, akajionea aibu.

Mashoka yakamaliza kazi. Mvua ilipokuja ilinyesha siku nane mfululizo, na asubuhi ya siku ya tisa mlima ukateleza. Ulishuka na mashamba, na mawe makubwa kama nyumba, na nyumba zenyewe. Maghanga alikuwa ng'ambo ya bonde akimtafuta mbuzi wake. Aliporudi hakuona mlango wala paa, wala mke, wala mtoto aliyeponywa na ukingo wa msitu. Mawe yalikuwa yamejaa bonde lote. Chemchemi ilikuwa chini yake, na mto umenyamaza.

Mwezi haujaisha, maji yakabubujika nyikani kutoka chini ya mwamba. Wawuda aliyaonja, akayatambua.

Maghanga akaja na wazee wawili. "Dada, rudi nyumbani. Utuitie maji."

"Sikuyafukuza mimi. Nitayaitaje?"

Hata hivyo alipanda nao, kwa sababu alitaka kuliona kaburi la mtoto. Hakuna aliyeweza kumwonyesha. Alipiga magoti juu ya mawe, akatega sikio, akasikia maji yanakwenda huko chini, mbali na mikono ya watu.

"Yapo," akasema. "Lakini kwenu hayasimami tena." Akanyoosha kidole kwenye msitu kidogo uliosalia kileleni, juu ya jabali. "Pale pasiingie shoka. Hata nije mimi mwenyewe na mtoto anayelia, nikatalieni."

Maghanga aliinama kumshika miguu. Wawuda akamkwepa, akateremka. Hakumlaani, wala hakumsamehe, wala hakurudi.

Na tangu siku hiyo kilele cha Mworoto kina msitu ambao hakuna shoka linaloupanda, na mbavu za mlima ziko uchi. Mvua hunyesha mlimani, maji hunywewa nyikani. Wanawake wa mlimani huondoka alfajiri na madumu yao, wakafika jua likiwa kali, wakapanga foleni nyuma ya wenyeji. Njia yao hupita juu ya yale mawe, nao huusikia mto wazi chini ya nyayo zao, mwendo wote.