Bwana Aliyeachwa Bila Talaka

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni, niwape ya Bi Kidawa.

Hapo zamani za kale, ilikuwa alasiri moja katika kijiji cha watoro, watu weusi waliokimbia utumwa wa mashamba ya karafuu. Ngoma ikalia: ndi! ndi! ndi! Akatokea tarishi wa serikali, jasho tiriri.

"Utumwa umekwisha! Serikali imewahurumia. Kila mtu apige magoti, amtaje bwana wake, nimpe uhuru. Asiyemtaja ni mtumwa bado. Akionekana mjini, atakamatwa."

Watu wakatazamana. Chumvi iko mjini. Ndugu zao wako mjini.

Bi Kidawa, mkongwe aliyewaongoza kutoroka, akasogea. Hakupiga magoti.

"Bwana wako nani, bibi?"

"Ferunzi. Yule pale anayemenya muhogo."

Kwa! kwa! kwa! Watu wakacheka.

"Si mumeo! Bwana aliyekumiliki!"

"Ahaa, yule! Nilimwacha."

"Mwanamke haachi, huachwa!"

"Mimi nilimwacha, mwanangu. Bila talaka. Nikamwachia na karafuu zake."

"Basi uhuru mmepewa na nani?"

"Mabruki alitushikia kamba mtoni tukavuka, maji yakamchukua yeye. Tufaa alirudi kuwatoa wenzake, hatukumwona tena. Mashamba yakabaki matupu, karafuu zikaoza mitini. Ndipo wakubwa wako wakaingiwa na huruma! Na mjukuu wangu huyu, aliyezaliwa hapa, amtaje bwana gani?"

Tarishi akamgeukia wa pili. "Bwana wako?"

"Nilimwacha."

Wa tatu. "Nilimwacha."

Kijiji kizima: "Tulimwacha!"

Tarishi akaondoka, mbio mbio.

Wajukuu zangu, mkiambiwa uhuru uliletwa kama zawadi, ulizeni ni nani waliovuka mto kwanza. Muwataje kwa majina.

Lakini hofu ilibaki. Ferunzi akanong'ona, "Mke wangu, nani atathubutu kwenda mjini sasa?"

Asubuhi yake Bi Kidawa alijifunika ushungi kichwani, akavaa mitalawanda, viatu vya mti. Vyote viwili mtumwa alikatazwa kuvaa. Ko! ko! ko! Katikati ya njia kuu, mpaka lango la mji. Askari akainuka, akamtazama kichwani, akamtazama miguuni.

"Shikamoo, bibi."

Kule shambani, miaka yote, shikamoo ilitoka kinywani mwa Bi Kidawa, kwenda kwa bwana.

"Marahaba," akajibu, akaingia mjini.

Nami hadithi yangu naiacha hapo, langoni.