Posa Iliyopanda Basi la Umeme

"Basi la kimya huacha wenye kelele kituoni." Ndivyo mama yenu alivyomwambia jirani asubuhi, nanyi mkacheka bila kujua mnachokicheka. Sasa mmeniuliza methali hii imetoka wapi. Sikilizeni basi, maana ilizaliwa hapa hapa mjini kwetu, nami nilikuwepo, nimebeba kikapu cha posa.

Siku hizo shirika la usafiri la mji lilikuwa limeanza kuyastaafisha mabasi ya dizeli na kuleta ya umeme. Yale ya zamani yalipopanda mlima, kina mama walikimbia kuanua nguo kwa ajili ya moshi, na muungurumo wake ulikufikia ukiwa bado unatafuta viatu. Haya mapya hayakuwa na moshi wala mlio. Watu wengi waliyapenda. Mzee Semvua hakuyapenda hata kidogo.

Mzee Semvua alikuwa ameendesha basi la dizeli mpaka akastaafu, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Kwa hiyo Mbaruku, mtoto wa marehemu mdogo wake, alipotaka kumwoa Zubeda, ukoo mzima ulikubaliana kwamba msemaji wa posa awe yeye. Baba wa binti, Mzee Kaoneka, aliishi juu kabisa mlimani, naye alituita baada ya sala ya alasiri. Alikuwa mkali wa saa. Wachumba wengine walikwisha kumwendea wakachelewa, naye akachungulia dirishani akawaambia mwenyewe kwamba hayupo.

Tulifika kituoni mapema: Mzee Semvua, dada yake Bi Mwanahawa, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, Mbaruku, na mimi na kikapu changu. Palikuwa na watu wengi, na Mzee Semvua hakuweza kuwaona watu wengi akanyamaza. Akaipa barabara mgongo, akaanza kuwaeleza kwamba gari lisilonguruma ni gari gonjwa, na kwamba haya ya umeme yataishia katikati ya mlima yakisubiri kusukumwa.

Basi likaja nyuma yake. Milango ikafunguka, watu wakaanza kupanda. Bi Mwanahawa akamwita kaka yake; mzee akainua mkono kumzuia asimkatize. Mbaruku akamvuta mkono wa kanzu, akaurudisha. Dereva akagonga kengele yake ndogo, na Mzee Semvua akasogea pembeni kidogo, akidhani ni baiskeli.

Mbaruku alikuwa karibu kulia. "Shangazi, tutamwachaje baba mkubwa?"

"Panda," Bi Mwanahawa akasema. "Baba mkubwa wako tumemwita, hakuitika. Baba wa Zubeda hatatungoja."

Tukapanda. Yaliyofuata pale chini aliyaeneza muuza karanga, mji mzima. Alisema Mzee Semvua aliendelea kuhutubia mpaka akawa amebaki na yeye tu, naye akamwambia kwa adabu, "Mzee, limeshaondoka."

"Lipi?"

"Hilo ulilokuwa ukilisema."

Sisi tulipanda mlima laini kama mtu anayesukumwa na upepo. Tulipofika, Mzee Kaoneka alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa. Aliuliza msemaji wetu ni nani. Mbaruku akanitazama mimi, mimi nikatazama kikapu. Bi Mwanahawa akajitanda vizuri mtandio wake, akasema, "Tumekuja kumwomba Zubeda awe mke wa Mbaruku. Mtoto wetu ni mpole, anafanya kazi, na amewahi." Mzee Kaoneka akangoja maneno mengine, hayakuja. Akamwita binti yake, akamuuliza, binti akakubali. Pilau ikaletwa.

Tulikuwa tunakula Mzee Semvua alipotokea. Alikuwa ameupanda mlima kwa miguu, kanzu imemganda mgongoni. Hata maji hakuomba. Akasimama katikati ya ukumbi, akakohoa, akaanza: "Waungwana, tumepita bustanini mwenu, tumeona ua…"

"Ua hilo tumeshampa dada yako," Mzee Kaoneka akasema. "Nawa mikono, ule. Ila niambie, nini kilikuchelewesha?"

Mzee Semvua akatutazama mmoja mmoja. "Halikunguruma," akasema.

Bi Mwanahawa akamsogezea sinia. "Lilitungoja wote, kaka. Basi la kimya huacha wenye kelele kituoni."

Mzee Kaoneka alicheka mpaka akapaliwa na wali, na ikabidi Mbaruku ampige mgongoni mkwe wake mtarajiwa. Mzee Semvua alikuwa wa mwisho kucheka, lakini alicheka. Haikupita wiki, neno lile lilikuwa sokoni, msikitini na shuleni.

Basi mama yenu alipolisema leo, hakuwa akizungumzia magari. Jirani amekuwa akitangaza tangu mwaka jana kwamba atachimba kisima, na kila tukikaa tunakisikia kisima hicho. Leo kaenda kuomba maji kwa mjane wa nyumba ya pili, ambaye hatukuwahi kumsikia akisema neno juu ya kisima. Tuliona maji tu. Basi la kimya, wanangu, huacha wenye kelele kituoni.